Binamu ni nani hasa?

Ndugu, umeuliza kwa nini wazee wa Lamu hawakubali mtoto wa mjomba aitwe binamu. Kwa asili ya neno, wazee wana haki. Binamu ni Kiarabu: bin, mwana wa kiume, na amu, ndugu wa kiume wa baba. Mtoto wa kike ni bintiamu. Mwana wa mjomba Waarabu humwita bin khali, ila hilo halikuota mizizi kwetu. Twasema tu mtoto wa mjomba, na kamusi zina mkoi.

Leo binamu limepanuka: mtoto wa ami (ndiye huyo amu), shangazi, mjomba au mama mdogo, awe mwanamume au mwanamke. Kwa mazungumzo sioni kosa.

Lakini kwenye mirathi kwa Kadhi, usiandike binamu peke yake. Mwana wa kiume wa ami ni asaba, yaani jamaa wa nasaba ya kiume, anaweza kurithi ikiwa hakuna asaba aliye karibu zaidi. Mwana wa mjomba si asaba, wala binti wa ami. Neno moja likiwafunika wote watatu, orodha ya warithi inaweza kurudishwa mkaanze upya. Andika nasaba wazi: "fulani bin fulani, mtoto wa ami wa marehemu, baba zao ni ndugu kwa baba na mama."

Sarufi: binamu yangu amekuja, binamu zangu wamekuja. Na ami nalo, kwa Kiarabu "ammi" tayari ni "amu yangu", kwa hiyo "ami yangu" twamiliki mara mbili!