Jibu: Machine Gun imekushinda dakika ya nne?

Ndugu, unasema uliweka Machine Gun, albamu ya jazi huria (free jazz) ya mpiga saksafoni Mjerumani Peter Brötzmann, ukaizima dakika ya nne kichwa kikigonga, na sasa unajiuliza kama wewe ndiye mshamba. Hapana. Mimi siku ya kwanza nilidhani spika zimepasuka.

Albamu ile ilirekodiwa Bremen, Ujerumani, Mei 1968, na watu wanane: saksafoni tatu, besi mbili, wapiga ngoma wawili na piano. Wakiingia wote kwa pamoja, sikio linatafuta wimbo wa kushika na halipati. Basi usiutafute. Chagua ala moja uifuate. Mimi nilishika ngoma za Han Bennink na Sven-Åke Johansson, ndipo nikasikia kwamba kelele ile inapanda na kushuka, na kuna mahali saksafoni zinarudi pamoja ghafla, kana kwamba wamekonyezana. Ukishapasikia hapo, utaanza kupasubiri.

Kibao cha kwanza kina kama dakika 17. Sikiliza nusu, pumzika. (Usikiweke mwenzio akiwa ndiyo kwanza karudi kazini. Nilijaribu.)

Sauti iwe ya chini, hasa kama unatumia visikizio. Kuiongeza hakuleti kuelewa. Masikio yakivuma hadi kesho yake, muone daktari wa masikio.

Ukijaribu mara tatu na bado unaichukia, achana nayo. Anza na albamu za mwaka 1959 za Ornette Coleman, mpiga saksafoni Mmarekani. Pale kuna melodia ya kushika.