Handibreki nilivuta mpaka mwisho, gari likaondoka: kupandisha motohomu ya zamani kwa jeki

Motohomu yangu, yaani gari lenye nyumba ya kulala ndani yake, ni ya miaka ya sabini, imejengwa juu ya chasisi ya Dodge, injini ya V8 iko mbele kabisa katikati ya viti, nyuma tairi mbili mbili, na aliyeniuzia aliniambia hii ni gari tu kama gari zingine. Mara ya kwanza nataka kuvua tairi za nyuma upande wa kulia niangalie breki nikafanya kama ningefanya kwenye pikapu yoyote, handibreki juu mpaka mwisho, jeki ya chupa chini ya ekseli, nikaanza kupampu. Tairi zilipoachia ardhi tu, yaani hata kidole kilikuwa hakipiti vizuri, gari likaanza kusogea. Taratibu, bila kelele. Zile tairi za hewani zikawa zinazunguka zenyewe kwenda nyuma huku gari linakwenda mbele, jeki ikalala ubavu, ekseli ikashuka puu! Mimi nilikuwa nimechuchumaa pembeni, mkono bado umeshika mti wa jeki. Sikuumia. Ila jeki ilifyatuka ikapita pale ambapo dakika moja kabla nilikuwa nimeweka goti.

Nilikaa chini kama nusu saa hivi sifanyi kitu, halafu nikalala chali (gari likiwa kwenye tairi zake zote, sikuwa mjinga mara mbili siku moja) nikachungulia hiyo handibreki iko wapi. Haipo kwenye magurudumu. Kwenye motohomu nyingi kubwa za enzi zile, handibreki ni dramu moja iliyofungwa nyuma ya gia boksi, inashika propela shafti, ule mhimili unaopeleka mzunguko kutoka gia boksi mpaka ekseli ya nyuma. Sasa fikiria difu, zile gia za katikati ya ekseli zinazogawa mzunguko kwa tairi za pande mbili, inavyofanya kazi: propela ikishikwa, tairi la kulia na la kushoto bado yanaweza kuzunguka, ilimradi moja liende mbele na lingine lirudi nyuma kwa kasi ile ile. Yote mawili yakiwa chini hayawezi, maana ardhi inayalazimisha kwenda njia moja. Inua moja tu, hilo la hewani liko huru kuzunguka kinyume, na la chini nalo linakuwa huru kutembea. Handibreki inashika vizuri kabisa na gari linaondoka hivyo hivyo. Na usidhani ni handibreki ya aina hii tu, ukitegemea gia ya kupaki au ukiacha imeingia gia namba moja ni hadithi ile ile, kwa sababu navyo vinashika propela, havishiki tairi.

Na hata kama yako ina handibreki ya kwenye dramu za nyuma kama gari ndogo, ukipandisha ekseli yote ya nyuma umebaki na nini? Tairi za mbele, ambazo hazina handibreki. Kwa hiyo mimi siku hizi handibreki navuta kwa mazoea tu, simwamini mtu ila kabari. Kabari kubwa za mbao, sio mawe ya kuokota, mbele na nyuma ya kila tairi litakalobaki chini, nimezigonga kwa nyundo mpaka zimekaa. Uwanja uwe bapa kweli. Macho yanadanganya sana kwenye hili, weka pima maji sakafuni ndani ya gari na nyingine kwenye ardhi yenyewe, usiweke moja ukaridhika, kwa sababu gari lenye springi zilizochoka linaweza kukaa sawa juu ya mteremko.

Uzito sasa. Watu wanaangalia kile kibati cha kiwandani chenye uzito wa gari na kuamini. Kile kibati hakijui kwamba katika miaka hamsini kuna mtu ameongeza kabati, mwingine ameweka betri tatu, mwingine jenereta. Peleka kwenye mizani ya malori, pima ekseli moja moja. Yangu ilikuja tani 1.9 mbele na 3.4 nyuma, ina maana kona moja ya nyuma ni kama tani 1.7, na hapo tenki la maji lilikuwa tupu. Lita moja ni kilo moja, tenki la lita 200 ni watu watatu wamekaa kona moja, na maji yanahama ukiinamisha gari. Mwaga maji yote, safi na machafu, kabla hujagusa jeki. Mitungi ya gesi funga, friji zima kama inatumia moto.

Jeki natumia ya tani 12 kwa mzigo ambao kwa hesabu hata ya tani 2 ingebeba. Sio sifa. Jeki kubwa ina kitako kipana na haihangaiki, na jeki isiyohangaika haiyumbi. Na stendi, ile miguu ya chuma ya kukalisha gari likishapanda, soma vizuri maandishi, nyingi uzito ulioandikwa ni wa jozi, stendi mbili kwa pamoja, mtu ananunua "tani 3" anadhani kila moja ni tatu kumbe ni moja na nusu.

Pa kuweka jeki ndipo gari za zamani zinapowamaliza watu. Kama kazi ni tairi au breki, pandisha kwa ekseli, karibu na springi inapokaa, usiweke kwenye tumbo la difu wala kwenye zile fimbo za usukani. Kama kazi ni springi zenyewe au shokapu basi lazima upandishe kwa chasisi, na hapo ujiandae kupampu sana kwa sababu chasisi inapanda, springi inajinyoosha, ekseli bado imekaa chini inakuangalia tu. Angalia na paipu ya breki ya mpira isivutike. Sakafu ya nyumba usiiguse kabisa, nyingi ni mbao na bati jembamba, jeki inapita ikatokee jikoni. Kwenye gari ndogo kama zile VW za kambi chasisi ya ngazi, zile nguzo mbili ndefu za chuma, hata haipo, kuna sehemu maalum za jeki ubavuni, na hizo ndizo kutu inapenda kuanzia. Mimi nagonga kwanza kwa bisibisi. Ikilia ngwi ngwi sawa, ikilia kama kopo lenye mchanga au bisibisi ikaingia, tafuta sehemu nyingine. Hata chasisi nzito gonga tu, kutu ya zamani iliyopakwa rangi nyeusi inapendeza sana kwa macho.

Kitu kingine ambacho sikukijua: gari likipanda upande mmoja halipandi wima, linachora upinde. Kadiri linavyopanda ndivyo pale ulipoweka jeki panavyosogea kuelekea upande ule mwingine. Jeki ya toroli ina magurudumu, inafuata, ilimradi usiizuie na isiwe juu ya kokoto. Jeki ya chupa haina pa kwenda kwa hiyo inainama. Ndio maana napanda kidogo kidogo, sentimita tano, naweka stendi au mbao, nasogea upande wa pili, sentimita tano tena. Unachosha mwili ila unaokoa na kitu kingine, bodi. Motohomu ni sanduku refu juu ya chasisi inayojipinda, ukiinua kona moja sana mlango unagoma kufunguka na kioo cha mbele, ambacho kwa gari la umri huu hupati kingine kirahisi, kinaweza kupasuka au kutoka kwenye raba yake. Mimi nafungua mlango kabla sijaanza na kuuacha wazi, nikijaribu kuufunga ukagusa fremu yake najua nimezidisha.

Chini ya jeki na chini ya stendi naweka plaiwudi nene, milimita 18 kwenda juu, kipande kipana. Lami inaonekana ngumu asubuhi, saa nane mchana miguu ya stendi imezama kama kisigino kwenye tope. Kwenye udongo mimi sipandishi kabisa.

Sasa hili la stendi naomba unielewe. Nina jeki moja nzuri tu, haivuji hata tone, nikasema ngoja niijaribu, nikapandisha kona moja tairi zikiwa zimefungwa zote, nikapima kwa tepu kutoka ardhini mpaka kwenye ukingo wa bodi, nikaenda kulala. Asubuhi imeshuka sentimita nne. Hakuna mafuta chini, hakuna kitu, ni vali ya ndani imepitisha polepole usiku kucha. Hiyo ndiyo ilikuwa imara kuliko zote nilizonazo. Zile jeki za kusawazisha zilizofungwa chini ya gari kwa ajili ya kulala kambini ni kundi hilo hilo, kazi yake ni chai isimwagike mezani. Na kama una gari lenye springi za hewa, kwa mfano zile GMC za 1973 mpaka 1978 zenye tairi nne nyuma zilizopangana mbele na nyuma, puto la hewa linaweza kuachia wakati wowote na bodi inashuka yote kwa mara moja, chini hakubaki nafasi ya mtu. Kule mbao au stendi chini ya chasisi ni kabla hata kichwa chako hakijaingia kuchungulia.

Mimi zaidi ya stendi najenga kichanja cha mbao. Mbao za mraba, sentimita 10 kwa 10 au zaidi, urefu kama nusu mita, unapanga mbili hivi, mbili juu yake zinakatiza, mbili tena, mpaka unakaribia kugusa chasisi, na kimo nisizidishe mara mbili ya upana wa chini. Uzuri wa mbao zinalia. Zikielemewa zinatoa sauti kabla hazijaachia, chuma hakikuambii. Matofali ya saruji ndio usiyaguse kabisa, hata kama jirani yako ameyatumia miaka yote, tofali linabeba vizuri mpaka sekunde linapopasuka, halipindi, linasambaratika. Na tairi ulizovua usizipeleke ukutani, zilaze chini ya chasisi, hazikudai kitu.

Halafu kabla sijaingia natikisa. Simaanishi kugusa kwa kiganja. Naegemea ubavu wa gari kwa nyonga nasukuma kwa nguvu zangu zote, mbele nyuma, kushoto kulia. Kama litaanguka lianguke nikiwa nimesimama nje. Mara moja stendi ya kushoto ilitoa mlio kama wa kucha kwenye sufuria, nikachungulia, mguu mmoja ulikuwa umekalia kokoto ndogo kama punje ya mahindi. Nikashusha nikaanza upya. Ilinikula saa nzima.

Na watu wa nyumbani. Niko chini nafungua paipu ya breki, mpwa wangu akaona mlango uko wazi, akapanda ndani kufuata chaja yake ya simu. Kilo sitini zinatembea juu ya kichwa chako kutoka mlangoni mpaka kitandani nyuma, na motohomu ina mkia mrefu nyuma ya ekseli, kila hatua yake mle nyuma nilikuwa naona pua ya gari ikipunguza uzito. Stendi zilishika, kichanja kilishika. Mimi ndio sikushika, nilitoka chini kwa mgongo kama mende. Siku hizi naweka kamba mlangoni na namwambia mtu mmoja mzima akae nje karibu, asifanye kitu, akae tu na simu mkononi, na kila baada ya muda aniite nijibu.

Nati za tairi legeza kabla hujapandisha, tairi likiwa bado chini, nusu mzunguko tu inatosha, kwa sababu kuvuta spana ndefu gari likiwa juu ya stendi ni kulisukuma mwenyewe. Na kwenye Dodge za zamani kama yangu nati za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, zina herufi L kwenye bolti, mimi nilivunja bolti mbili kabla sijaiona hiyo L. Ukikuta rimu ni zile za vipande zinazofungwa na ring ya chuma, vua tairi zima peleka kwa fundi mwenye kizimba cha kujazia upepo, ile ring ikiruka haichagui.

Kushusha ndiko watu wanakokuwa na haraka, kazi imeisha, mikono michafu, njaa. Rudia njia ile ile uliyopandia, sentimita chache kila upande, toa mbao moja moja, mkono usipite chini ya ekseli hata kwa kuokota spana, tumia fimbo. Vali ya jeki ifungue robo tu, ile ya chupa ukiizungusha nyingi haishuki, inaanguka. Kabari ziwe za mwisho kutoka kabisa. Nati kaza kwa kukatiza, moja halafu ile ya mkabala wake, gari likiwa limekaa chini, halafu tembea kama kilomita 80 ukaze tena, hasa kama nyuma ni tairi mbili mbili. Mimi safari ya mwisho nilikuta nati mbili zimeachia karibu robo mzunguko, zote upande wa kushoto, upande wa ile L.