Mnyalukolo kwenye tope la Lukaya

Mhariri, mmeuliza wiki hii: "Ukiwa mbali na kwenu, ni nani aliyekufanya usijione mgeni?" Mimi ninao wawili, na nitaanza na yule ambaye hakuwa wa kwetu.

Mimi ni Mhehe wa Ifunda. Novemba 1978, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba Idi Amin wa Uganda tutampiga, nilikuwa Jeshi la Kujenga Taifa, JKT Ruvu, kijana wa miaka 20. Kitanda cha jirani alilala Mmakonde wa Newala. Kabla yake Wamakonde nilikuwa nawajua kwa hadithi za kijinga za utotoni tu. Nilipougua malaria ndiye aliyenifulia kombati, akaniletea uji na kunisimamia hadi niumalize, huku akinitukana.

Tulipanda treni moja hadi Mwanza, tukilala kwa zamu, mmoja juu ya benchi, mwenzake kajikunja chini. Kufika Mwanza, afande akasoma majina. Yeye kikosi hiki, mimi kile. Basi. Jeshini hamna cha kuagana. Alichomoa kijiko changu mfukoni mwangu, akaniachia chake, kilichokatwa alama tatu kwenye mpini, akaingia kwenye mstari wao. Nyumbani nilikuwa nimeondoka mbele ya mama bila chozi. Pale Mwanza nilisingizia vumbi.

Wa pili nilimkuta Machi 1979. Masaka, huko Uganda, ilikwisha kuanguka Februari, nasi tulikuwa tunasogea Lukaya, pale barabara inapokata kinamasi, mafunjo huku na huku. Mvua zilishaanza. Lori moja lilikuwa limezama tairi zote za nyuma, na dereva wake analisema. Si kwa Kiswahili. Kihehe, tena kile cha wazee, matusi ambayo nilikuwa sijayasikia tangu babu afe.

Siku zile kuulizana kabila ilikuwa aibu, na kazini ni Kiswahili tu. Nikamsogelea, nikamwambia polepole, kama mtu anayeuza kitu cha magendo, salamu ya kwetu kwa ndugu: "Kamwene, mnyalukolo." Akageuka, tope hadi kwenye kope. Hakunijibu. Alinishika mkono akakataa kuuachia.

Alikuwa wa Kalenga. Tulisukuma lori huku tunaongea, na tulichoongea, mkitaka kujua, ni ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Kwamba kwetu sasa ndio msimu, mianzi michanga imeshakatwa vichwa, mbeta za kukingia zinafurika, na watu wanakunywa bila sisi. Akaniuliza kama kwetu Ifunda bado tunachanganya maji. Nilitaka kumpiga. Nilicheka hadi mbavu zikauma.

Sasa nitasema jambo ambalo watu wa kwetu hawatalipenda. Furaha ile ilinivunja nguvu. Na yule wa Newala hatukuwa na nyumbani pa kuzungumzia pamoja. Tulikuwa na leo tu, na leo inabebeka. Mtu wa kwenu anakuja na mianzi, na mama, na baridi ya alfajiri, anakutua vyote mikononi kisha anawasha gari anaondoka. Lori lilipopotea ndipo nilipoogopa kufa kwa mara ya kwanza tangu nivae buti.

Haikuchukua muda. Tarehe 10 Walibya waliokuja kumsaidia Amin walitupiga hapohapo Lukaya, tukarudi nyuma usiku kila mtu na njia yake. Kesho yake Brigedi yetu ya 208 ikawazunguka, mambo yakageuka. Dereva sikumwona tena.

Miaka mingi baadaye nilikwenda Kaboya, makaburi ya mashujaa kule Kagera, walikolazwa wenzetu. Nilitembea nikisoma majina, nikilitafuta la yule wa Newala. Sikulikuta, nikamshukuru Mungu, nikakaa chini ya mti kupumzika. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba wa Kalenga nilimuuliza kijiji, nikamuuliza ukoo wa mama yake, nikamuuliza hata bei ya ulanzi. Jina lake sikumuuliza.