Barua kwa mwanangu: kwa nini mtu wa Tukuyu anasoma habari za maharamia

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, na nimefurahi kusikia kwamba nyote huko Dar es Salaam ni wazima. Umeniuliza jambo zito kwa upole, nami nimeona nisilijibu kwa simu, kwa sababu linahitaji nafasi. Unasema kwamba tangu mwanao arudi kutoka likizo huku Tukuyu, amekuwa akichora bendera nyeusi zenye fuvu na kuwatangazia majirani kwamba akikua atakuwa haramia. Unataka kujua kwa nini mimi, niliyezaliwa kati ya migomba na mashamba ya chai, nimejishughulisha miaka yote hii na historia ya maharamia na vyombo vya baharini, na kama ni sawa kumjaza mtoto habari za watu waliokuwa wezi na wauaji.

Nianze na hilo la mtoto, kwa kuwa ndilo lenye uzito zaidi. Bendera ile aliijua kabla hajafika kwangu. Ameiona kwenye katuni na kwenye fulana za mtumba. Nilichoongeza mimi ni watu waliokuwa upande wa pili wa bendera hiyo. Nilimsimulia habari za Kua, mji wa kisiwa cha Juani huko Mafia, ambao mwanzoni mwa karne ya 19 ulivamiwa na Wasakalava waliokuja kwa mitumbwi kutoka Madagaska, wakaua, wakabeba mateka, na mji ukabaki magofu hadi leo. Nilimsimulia pia habari za Ganj-i-Sawai, meli kubwa ya mfalme Aurangzeb wa India, iliyokuwa ikirudi Surat mwaka 1695 ikiwa na mahujaji pamoja na mali nyingi, ikatekwa na Mwingereza Henry Every na wenzake, wakawatesa abiria kwa siku kadhaa. Mambo waliyotendewa wanawake wa meli ile sikumweleza, kwa umri wake, atayasoma akikua. Every hakukamatwa kamwe, na jambo hilo lilimuudhi mjukuu wangu kiasi cha kukataa kula hadi nilipomweleza kwamba baadhi ya watu wake walikamatwa, wakahukumiwa London na kunyongwa. Mtoto anayekasirika kwa ajili ya mahujaji hajaharibika, mwanangu. Mwache aichore bendera yake, ila mwombe achore na meli iliyokuwa ikiwindwa.

Sasa nije kwangu. Unajua kwamba kabla hujazaliwa nilipangiwa kufundisha Kilwa Masoko, nami wakati huo nilikuwa sijawahi kuiona bahari. Wanafunzi wangu walikuwa watoto wa wavuvi na manahodha, na hao ndio walionifundisha tezi na omo, yaani nyuma na mbele ya chombo, tanga na foromali, yaani boriti linaloshika tanga, kaskazi inayovuma kati ya Desemba na Machi ikileta vyombo kutoka Arabuni na India, na kusi inayovirudisha. Nilivuka kwenda Kilwa Kisiwani nikauona Msikiti Mkuu, nikaiona Husuni Kubwa, jumba la karne ya 14 lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari, na nikasoma kwamba Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 na kuusifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri kabisa. Nikawa najiuliza mji wa namna hiyo ulipatwa na nini. Nilipoanza kulitafutia swali hilo jibu nilikutana kwanza na mizinga ya Wareno, na baada ya hapo nikakutana na maharamia, kwa sababu huwezi kuisoma Bahari ya Hindi kwa muda mrefu bila kukutana nao.

Lipo jambo moja kuhusu maharamia ambalo wengi hawalifikirii, nalo ndilo lililonishika. Baharia wa kawaida wa karne ya 17 hakuacha maandishi yoyote: alivuta kamba, akaugua, akatupwa baharini, basi. Lakini baharia huyohuyo alipokamatwa kwa uharamia alisimamishwa mbele ya jaji, na karani akaandika alikotoka, aliahidiwa mshahara gani asilipwe, chombo kilitia nanga wapi, maji ya kunywa waliyapata kwa nani, na nani alikufa kwa homa. Kwa njia hiyo, kesi za watu waliohukumiwa kunyongwa zimetuhifadhia habari za bahari yetu ambazo wafanyabiashara waaminifu hawakuona haja ya kuziandika. Nikisoma habari za William Kidd naiona Komoro ya mwaka 1697: naiona meli yake, Adventure Galley, ikiwa imepandishwa ufukweni katika kisiwa cha Mwali ili isafishwe tumbo, na mabaharia wake wengi wakifa kwa maradhi pale pale. Kisha namwona akienda kuvizia mlango wa Bahari ya Shamu mwezi Agosti, kwa sababu ndio msimu ambao vyombo vya mahujaji na wafanyabiashara vilitoka Mocha, bandari ya Yemeni, kurudi India. Haramia naye aliitii kalenda ya pepo, sawasawa na baba za wanafunzi wangu wa Kilwa.

Huyo Kidd ndiye ninayemrudia kuliko wote, na si kwa sababu namwonea huruma. Alitoka Uingereza akiwa na hati ya mfalme William III, iliyomruhusu kukamata maharamia na meli za Kifaransa, na nyuma yake walikuwapo mabwana wakubwa wa serikali waliotia fedha zao katika safari hiyo wakitarajia faida. Mwezi Januari 1698 aliikamata Quedagh Merchant, meli yenye mali ya Wahindi na Waarmenia iliyokuwa ikisafiri kwa hati za usalama za Kifaransa, naye akadai kwamba kwa sababu ya hati hizo ilikuwa halali yake. Siasa zikabadilika, mabwana wakajitenga naye, na siku ya kesi hati alizozitegemea hazikuonekana mahakamani. Alinyongwa London tarehe 23 Mei 1701. Kamba ya kwanza ilikatika, wakamnyonga tena. Hati zile zilikuja kuonekana katika nyaraka za serikali mwanzoni mwa karne ya 20. Mimi sidai kwamba Kidd alikuwa mtu mwema, kwa kuwa aliwatendea watu ukatili na alimuua mmoja wa mabaharia wake mwenyewe kwa kumpiga na ndoo. Ninachosema ni kwamba safari ileile, meli ileile na mizinga ileile zingeweza kumpa tuzo au kitanzi, na kilichoamua ni nani alikuwa bado tayari kumkingia kifua.

Ukishalielewa hilo, unairudia Kilwa kwa macho mengine. Mwaka 1502 Mreno Vasco da Gama alifika pale na manowari zake, akamtishia mtawala, Amiri Ibrahim, kwamba ataupiga mji mizinga asipotoa dhahabu kila mwaka. Dhahabu ikatolewa. Sehemu yake ilipelekwa Lisbon, ikatengenezwa chombo cha ibada kilichokamilika mwaka 1506, nacho kipo katika jumba la makumbusho la mji huo hadi leo, kinatazamwa na watalii. Mwaka 1505 Mreno mwenzake, Francisco de Almeida, aliiteka Kilwa yenyewe na kuipora. Wote wawili wanakumbukwa kwao kwa heshima. Kwa upande mwingine yupo Mir Ali Bey, nahodha wa Kituruki aliyekuja pwani yetu katika miaka ya 1580: Wareno walimwandika kuwa haramia, ilhali miji mingi ya Waswahili ilimpokea kwa matumaini ya kuondokana na Wareno haohao, hadi alipokamatwa Mombasa mwaka 1589. Mimi ni mwalimu, na sikubali mtoto wa Tanzania amjue haramia wa Karibiani mwenye jicho moja asimjue Mir Ali Bey.

Wewe unafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini, kwa hiyo habari za maharamia wa Kisomali unazijua vizuri kuliko mimi. Meli ya mafuta Sirius Star, iliyotekwa Novemba 2008 ikiwa na mapipa yapatayo milioni mbili, ilikamatwa mbali sana, kusini-mashariki mwa pwani ya Kenya. Ni kweli kwamba meli za kigeni ziliiba samaki katika bahari ya Somalia. Hata hivyo, mabaharia waliofungiwa kwa miezi mingi wakisubiri fidia walikuwa Wafilipino, Wahindi na wengineo, watu maskini ambao hawakuiba samaki wa mtu. Hilo pia mjukuu wangu analijua.

Na usiseme kwamba huku kwetu bahari haikufika. Mwezi Agosti 1914, siku chache baada ya vita kutangazwa Ulaya, manowari ndogo ya Waingereza, Gwendolen, iliingia Liuli, ufukweni mwa Ziwa letu Nyasa, ikaipiga mzinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha Mjerumani hakuwa amepata habari za vita, na yule Mwingereza aliyempiga, Rhoades, walikuwa wakifahamiana vizuri. Meli ile ililetwa vipande vipande katika miaka ya 1890 kwa njia ya mito Zambezi na Shire, na pale maporomoko yalipozuia maji vipande vikapitishwa nchi kavu.

Kuhusu hazina, ambayo mtoto anaiulizia kila siku, mweleze habari ya mwaka 2015. Wapiga mbizi walitoa kipande kizito cha madini huko Sainte-Marie, Madagaska, ikatangazwa duniani kote kwamba ni madini ya fedha kutoka hazina ya Kidd. Wataalamu wa UNESCO walipokipima wakakuta ni madini ya risasi kwa asilimia 95. Nataka azoee kusubiri vipimo.

Mwezi Desemba, kama kazi itakuruhusu, mpeleke Kilwa. Lipieni kibali Kilwa Masoko kabla ya kuvuka, muende asubuhi jua halijawa kali, na mwombeni nahodha wa mashua amweleze mtoto jinsi anavyoutambua upepo wa kaskazi. Msiishie msikitini, fikeni hadi Husuni Kubwa, ingawa ni mwendo. Akirudi kwangu mwezi wa sita nitampeleka Matema, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, na daftari langu la Kidd nitampa alisome mwenyewe, maana sasa anasoma bila kusaidiwa.

Nisalimie mkwe wangu na watoto wote.

Mama yako,
Tukuyu