Kalsiamu ya mama iko juu: je, uvimbe huu ni wa nadra?

Pole dada, na mpe pole mama. Umeuliza kama adenoma (uvimbe) ya tezi ya parathairoidi ni ugonjwa wa nadra, na kwa nini umpate yeye akiwa na miaka 61. Si wa nadra kama unavyodhani. Wanawake huupata mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume, hasa baada ya kukoma hedhi, kwa hiyo mama yumo katika kundi lenyewe. Hakukosea chochote.

Tezi hizi kwa kawaida ni nne, ndogo kama punje za mchele, nyuma ya tezi ya thairoidi shingoni. Moja ikivimba, hutoa homoni kupita kiasi, na kalsiamu huchotwa mifupani na kuingia kwenye damu. Ndiyo maana wengine hugunduliwa kwa mawe ya figo au mfupa kuvunjika; wengi hawasikii lolote. Neno uvimbe linatisha, najua, lakini saratani hapa ni chini ya asilimia 1.

Mwulizeni daktari kama kalsiamu na homoni ya parathairoidi zilipimwa pamoja. Na kama kuna ndugu aliyeugua hivi akiwa kijana, mwambieni daktari pia, maana huenda ni ya kurithi.