Nefesh ni nafsi, au ni roho ile ya bibi?

Swali limetoka kwa dada mmoja, nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Jumapili mhubiri katuambia kwamba nafsi kwenye Biblia ni nefesh kwa Kiebrania, na nefesh ndo kile kitu ndani ya mtu kisichokufa, yaani mwili ni gari na nefesh ni dereva. Sasa mbona kwenye sarufi tunasema nafsi ya kwanza, nafsi ya pili? Na nafsi na roho si kitu kimoja?"

Marahaba. Maswali matatu hayo umeyafunga kwenye kanga moja, ngoja nianze na dereva.

Fungua Mwanzo 2:7, Mungu anampulizia mtu pumzi ya uhai puani halafu inasema "mtu akawa nafsi hai". Angalia kitenzi, ni akawa, si akapewa wala si akatiwa. Nefesh hapo ni mtu mzima na mavumbi yake na pumzi yake, hamna dereva aliyepanda gari. Na sura moja nyuma, Mwanzo 1, maneno yaleyale nefesh hayya wamepewa samaki na wanyama, ila watafsiri wetu walipofika kwa samaki wakasema habari ya uhai tu, walipofika kwa Adamu wakaleta nafsi, basi msomaji wa Kiswahili hawezi kujua kwamba ni neno moja! Na hiyo ya kutokufa ndo ngumu zaidi, maana Hesabu 6:6 Mnadhiri, yaani mtu aliyejiwekea nadhiri kwa Mungu, anakatazwa kusogelea nefesh met, yaani nefesh iliyokufa, na maana yake ni maiti. Kama mhubiri anataka kufundisha kuhusu uzima wa milele anazo aya zake, lakini neno hili halimsaidii.

Sasa nefesh ni nini hasa? Ukishika shingo yako hapo mbele ukameza mate, umeishika. Maana yake ya mwilini kabisa ni koo, pale chakula, maji na pumzi vinapopitia. Zaburi 69:1 kwenye Biblia yetu ya Union ya 1952 inasema "maji yamefika mpaka nafsini mwangu", na mimi nilipokuwa mdogo nilikuwa nawaza, maji yanaingiaje nafsini? Mtu anazama jamani! Maji yamemfika kooni. Watafsiri wa Biblia ya Habari Njema ndo waliipata, wakaandika yamenifika shingoni, msemo ambao hata fundi wa baiskeli akidaiwa kodi ya nyumba anausema. Yona naye tumboni mwa samaki analia vilevile. Ukishajua hilo, Zaburi 42 inabadilika mdomoni, "nafsi yangu inamwonea kiu Mungu", koo ndo linaloona kiu, ni ayala, mnyama wa jamii ya kulungu, mwenye ulimi mkavu pale.

Kutoka koo neno likatembea likawa njaa, tamaa, ulafi, likawa uhai wenyewe (Walawi 17:11, uhai wa mwili uko kwenye damu, uhai hapo ni nefesh), likawa mtu. Na hapa ndo panaponifurahisha, kwasababu Kiswahili kimetembea njia hiyohiyo ila kwa neno lingine. Bibi yangu mtoto akimaliza nyama yake akaanza kukodolea macho sahani ya mwenzie alikuwa anasema "huyu ana roho huyu". Hakuwa anaongelea mambo ya mbinguni. Roho kwa waswahili wa zamani ni koo pia, ndo maana mtu anakabwa roho, na ndo tukapata mroho na uroho. Sasa nenda Mithali 23:2, ujitie kisu kooni kama ukiwa mlafi, huyo mlafi kwa Kiebrania ni baal nefesh, mwenye nefesh. Mwenye roho! Bibi angetafsiri pale bila kamusi.

Kwahiyo kwanini watafsiri hawakuandika roho? Kwasababu roho ilishachukuliwa. Kiebrania kina ruah, ambayo ni upepo na pumzi, na neno letu roho limetoka kwa Waarabu, ruh, ndugu wa damu wa ruah. Nefesh nayo ina ndugu yake Mwarabu, nafs, aliyetupa nafsi. Kila ndugu akarudishwa kwa nduguye, inapendeza kwenye karatasi na mimi siwalaumu, tatizo ni kwamba nafsi ilipofika kwetu ilishakuwa mpole, ya kusutwa na kujihoji usiku, haina njaa wala kiu. Koo lilibaki kwa roho ya jikoni.

Kwahiyo nafsi na roho si kitu kimoja, lakini usizigawe kama vyumba vya nyumba, kwamba hiki cha huyu kile cha yule. Waebrania wenyewe walizichanganya wakipenda.

Sarufi haijakosea, yenyewe imeshika ile maana ya mwisho, mtu. Mwanzo 46 nyumba ya Yakobo iliyoingia Misri inahesabiwa nefesh sabini, yaani vichwa sabini. Mimi, wewe, yeye, nafsi tatu. Binafsi na ubinafsi vimetoka hukohuko.

Kidogo tu nje ya swali, Kutoka 23:12 siku ya saba mgeni naye apate kupumzika, kitenzi chake kimetengenezwa na mzizi wa nefesh, apate kuvuta pumzi. Na sisi tunasema kupumzika, ambayo ni pumzi tupu.

Kuhusu kutamka, mkazo uko mwanzoni, NEfesh. Ukiongeza i ukaandika nefeshi watu watavuta FE kama tunavyovuta kila neno, na mimi mwenyewe darasani huwa inanitoka hivohivo.