Anayepika naye aingie kwa daktari

*Shikamoo daktari. Mume wangu ana presha. Kila tukienda zahanati naambiwa nikae kwenye benchi nje. Akitoka anasema tu, "Nimepewa dawa." Naruhusiwa kuingia? – Mama, Majengo, Moshi*

Marahaba mama. Yeye akikubali, ingia. Natamani tabibu mwenyewe angekuita. Anayeambiwa apunguze chumvi ni mumeo, lakini anayeitia sufuriani ni wewe. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani haijai hata kijiko kimoja cha chai, na hapo imo ya kwenye mtori, ya mchuzi na ile anayoongeza mezani. Msimpikie chakula chake pembeni. Mzee akila peke yake cha kwake, haitachukua muda atarudia cha watoto. Punguzeni nyumba nzima.

Humo ndani uliza dawa inamezwa saa ngapi, na wewe mwenyewe umsikie tabibu akisema isiachwe hata akijisikia mzima. Wengi huiacha hapo, na wa kwanza kugundua ni wa nyumbani. Nawe upimwe siku hiyo hiyo. Watoto wenu wakubwa pia, maana presha hufuata ukoo.

*Mimi ni tabibu, zahanati ya pembezoni mwa Arusha. Tuko wawili na foleni haiishi. Muda wa kukaa na familia nitautoa wapi?*

Foleni hiyo naijua, ndugu yangu. Usianze na wote. Anza na wa presha na wa sukari wanaorudi kila mwezi, uwaombe waje na mtu wa nyumbani. Asiye na mtu, muulize: "Nani anakusaidia nyumbani?" Jibu liandike kwenye faili. Mhudumu wa afya wa mtaa wenu umtumie, nyumba hizo anazijua kuliko sisi. Ila kwa kifua kikuu hakuna kuchagua: wote wanaoishi na mgonjwa wachunguzwe, na watoto walio chini ya miaka 5 wasikosekane, hata kama hawakohoi.

*Nina miaka 22, natumia uzazi wa mpango. Familia ikishirikishwa, mama si atajua? – Dada, Sakina*

Hapana, mdogo wangu. Familia huingia kwa ruhusa yako. Hata ukija na mama, mwombe muuguzi mzungumze wawili kwanza. Aliye makini hufanya hivyo bila kuombwa. Na familia ni unayemtaja wewe: shangazi, au rafiki mliyepanga naye chumba.

*Kliniki ya wajawazito wamenirudisha kwa kuwa sikuja na mume. Ni sawa? – Moshi*

Si sawa hata kidogo, na imeniuma kusoma. Mwenza anakaribishwa, hasa kwenye kipimo cha VVU na kupanga mtajifungulia wapi na usafiri wa nani. Asiye naye ahudumiwe kama wengine. Rudi kesho asubuhi na kadi yako. Wakikataa tena, nenda moja kwa moja kwa mganga mfawidhi.